Kionjo na Amana ya Sauti

Kionjo cha makala ya redio ni sanaa ya nusu dakika. Kikirefuka sana, dakika moja. Katika muda huo msikilizaji anayekuna nazi au anayeendesha gari hana budi asite, akaikumbuka siku na saa ya kipindi. Aghalabu watayarishaji huidharau kazi hii. Makala ikishahaririwa, kionjo huandikwa upesi upesi, na msimulizi akayaeleza yote yaliyomo. Msikilizaji huwa ameshiba kabla ya kuandaliwa.

Mathalani, ichukuliwe makala juu ya Fatma binti Baraka, Bi Kidude, aliyefariki Unguja tarehe 17 Aprili 2013. Njia nyepesi inajulikana: kutaja umri wake, ambao hakuna aliyeujua kwa yakini, kutaja sigara yake, kutaja tuzo ya WOMEX ya mwaka 2005, kisha kumwita malkia. Hakuna hata moja kati ya hayo linalosikika. Redio haina picha. Ilicho nacho ni sauti, na sauti ile kavu, yenye mikwaruzo, ndiyo habari yenyewe. Kionjo kizuri kingeifungulia kwa sekunde chache bila ya maelezo, kisha kikanyamaza kidogo, kwani kimya nacho ni neno redioni. Ndipo ije sentensi moja iliyobeba swali: mwanamke huyu aliyezipokea nyimbo za Siti binti Saad, naye amemwachia nani? Jina la kipindi, siku na saa vije mwisho, kwa utulivu, kwa kuwa linalosemwa mwisho ndilo linalobaki sikioni.

Taarabu ya Unguja iliujua ufundi huu zamani. Bashrafu hupigwa kabla ya mwimbaji kusimama. Huwatuliza watu vitini na kuyaandaa masikio, wala haitoboi neno hata moja la shairi.

Hata hivyo, ufundi peke yake hautoshi. Bi Kidude alikuwa pia kungwi na mpigaji ngoma wa unyago. Mafunzo yale ni ya wari na makungwi wao. Yakitoka nje ya ua hugeuka maana. Mhariri mwenye mkasi anaweza kukata kicheko kimoja au neno moja la faragha, akalitanguliza, na mji mzima ukatega sikio. Kionjo kitakuwa kimefanikiwa, na mwenye sauti atakuwa amevunjiwa heshima, ilhali hayupo kujitetea. Ndani ya makala neno lile lingekuwa na la kabla yake na la baada yake. Ndani ya nusu dakika husimama uchi.

Basi kipimo ni kimoja: watu wake wakikisikia kionjo kile, je, watamtambua? Mwenye kuonjeshwa mchuzi ana haki ya kuonjeshwa wa chungu kile kile atakachopakuliwa.