Sindano Kati ya Dume na Jike

Kuwatenganisha dume na jike wenye urefu wa milimita moja hivi, bila kumjeruhi yeyote, ni kazi inayodai mkono mtulivu. Ndiyo kazi ya wanaomchunguza Tigriopus californicus, mnyama wa rangi ya chungwa wa jamii ya kaa na kamba, aishiye katika vidimbwi vya miamba kwenye pwani ya Pasifiki ya Amerika Kaskazini.

Dume humdaka jike angali mchanga, akamng'ang'ania hadi apevuke, maana jike hupandwa mara moja tu maishani. Mtafiti anayetaka kumpa jike dume wa pwani ya mbali hana budi kuwahi. Huwaweka wawili hao walioshikamana chini ya hadubini, akawaachanisha kwa ncha ya sindano. Akichelewa, ukoo anaotaka kuulea umeharibika kabla haujaanza.

Taabu yote hiyo ya nini?

Mitokondria, zinazoipa seli nishati, zina DNA yao, nayo hurithiwa kwa mama. Kwa binadamu DNA hiyo ina jeni 37 tu, na 13 kati yake ndizo za protini. Protini nyingine za mitokondria, zaidi ya elfu moja, hutokana na jeni za kiini. Sehemu za pande hizi mbili hushikana ndani ya mitambo ileile, kwa hiyo upande mmoja ukibadilika, mwingine hulazimika kuufuata. Mwaka 2002 watafiti Paul Rawson na Ron Burton walionyesha kwa Tigriopus kwamba saitokromu c, protini ya kiini, hufanya kazi vizuri zaidi ikikutana na kimeng'enya cha mitokondria za pwani yake yenyewe.

Machotara wa kwanza wa pwani mbili huwa wazima, kwa kuwa kila mmoja amebeba seti kamili ya jeni za kiini za mama. Udhaifu hujitokeza kwa wajukuu, jeni zinapochanganyika: hukua polepole, huzaa wachache, na nishati yao hupungua.

Mwaka 2008 Christopher Ellison na Burton waliwapandisha machotara dhaifu na jamii za asili. Waliorudishwa upande wa mama, zilikotoka mitokondria zao, walipata nafuu. Waliorudishwa upande wa baba hawakupata. Kusoma jeni peke yake kusingetoa ushahidi ulio wazi hivyo. Zilihitajika koo zilizolelewa kizazi baada ya kizazi, mama wa kila ukoo akijulikana alikotoka.