Fundi wa Bakapu Hupimwa kwa Arifa Zake

Hakuna fundi wa kompyuta atakayekwambia hajaweka bakapu. Muulize swali la pili: leo usiku ikishindwa kufanyika, nani atajua, saa ngapi, na kwa njia gani? Hapo ndipo mafundi wanapoachana. Mmoja atafungua programu akuonyeshe alama ya kijani. Wa pili atasema, "Itatuma meseji." Wa tatu, ambaye ni nadra kumpata, atakugeuzia swali: nani hapa hushika simu usiku, na asipokuwepo tumpate nani?

Mwongozo huu ni wa wale wanaopokea kazi ya fundi na kutakiwa kuisaini: mganga mfawidhi, mhasibu wa AMCOS, mkuu wa shule, ofisa TEHAMA wa halmashauri. Tuchukue zahanati katika kata kama Keza, wilayani Ngara, huko kaskazini magharibi ambako Tanzania inapakana na Rwanda na Burundi. Seva ni kompyuta moja juu ya meza, diski ya nje iko pembeni, na intaneti ni modemu ya bando. Fundi akiitwa kutoka Mwanza au Bukoba, sehemu kubwa ya siku itaishia barabarani. Kwa hiyo arifa inayofika mapema na kueleweka huokoa safari nzima.

Ukimya una maana gani?

Anza na hili kabla ya jingine lolote. Mafundi wengi hupanga programu itume ujumbe pale tu bakapu inaposhindwa. Kwenye karatasi inaonekana ni busara. Lakini umeme ukikatika saa sita usiku na seva isiwake tena, hakuna kitakachotuma ujumbe. Asubuhi simu iko kimya, na kimya hicho ni kilekile cha siku ambayo mambo yalikwenda sawa.

Fundi anayejua kazi hugeuza utaratibu. Kila bakapu inapokamilika, seva hupiga hodi kwenye mashine nyingine iliyo mbali nayo. Hodi isiposikika ndani ya muda uliowekwa, mashine hiyo ya pili ndiyo inayopiga kelele. Healthchecks ni programu huria ya kazi hiyo, na unaweza kuisimika kwenye kompyuta yako mwenyewe. Uangalie pia muda wa subira aliouweka. Kwa bakapu ya kila siku mahali ambapo umeme hukatika, saa 26 hadi 30 ni muda wa kiungwana. Ukikuta saa 24 kamili, jua utasumbuliwa bure kila umeme unapochelewa kurudi. Ukikuta wiki nzima, jua hakufikiri.

Kushindwa kuna daraja

Kazi duni hujua mambo mawili tu: imefaulu, imefeli. Kazi nzuri hujua kwamba katikati kuna mengi. Bakapu inaweza kukamilika huku faili kadhaa zikiwa zimerukwa. Inaweza kutoanza kabisa. Diski inaweza kubakiza nafasi ya siku tatu. Mtu anaweza kuhitajika kubadilisha diski. Bacula, programu huria iliyoanzishwa na Kern Sibbald mwaka 2000, hutenganisha mambo haya vizuri: ombi la kuchomeka diski au kanda laweza kwenda moja kwa moja kwa anayehusika, makosa yakaenda kwa fundi, na taarifa za kawaida zikaishia kwenye logi.

Kama fundi wako ameandika skripti yake mwenyewe, muulize inasoma vipi misimbo ya kumalizia, yaani namba ambazo programu ya bakapu hurudisha inapomaliza kazi. Programu ya BorgBackup hurudisha 0 mambo yakiwa sawa, 1 kukiwa na onyo, na 2 kukiwa na kosa. Restic hurudisha 3 iwapo nakala imepatikana lakini baadhi ya faili hazikusomeka. Rsync hurudisha 23 uhamishaji ukiwa nusunusu kwa sababu ya hitilafu. Fundi anayezijua namba hizi kwa kichwa huwa ameshaumwa na kazi hii, na huyo ndiye wa kumpa.

Kuna mtego mmoja wa kuutazama kwa karibu. Skripti nyingi huchota hifadhidata ya MySQL na kuipitisha papo hapo kwenye gzip ili ibanwe. Uchotaji ukigoma mwanzoni kwa sababu nywila imebadilishwa, gzip haina habari. Inabana utupu, inamaliza salama, na skripti inatangaza ushindi. Kinachobaki kwenye diski ni faili la baiti 20. Kwa hiyo omba kuona orodha ya mafaili ya usiku pamoja na ukubwa wake, kisha uliza: ukubwa ukishuka ghafla, arifa hutoka? Kama haitoki, kazi haijaisha.

Usome ujumbe wenyewe

Ujumbe mbovu husomeka hivi: "Kazi namba 7 imekamilika. Hali: 1." Muuguzi wa zamu ataufuta, na hana kosa. Ulinganishe na huu:

"SEVA1 ZAHANATI: bakapu IMESHINDWA Jumanne 02:14. Diski ya nje haionekani. Nakala nzima ya mwisho: Jumatatu 02:11, MB 412. Kagua kebo ya USB, mpigie fundi."

Umetaja mashine, tukio, saa, sababu, nakala ya mwisho ya kutegemewa, na hatua ya kuchukua, na wote haufiki herufi 160 ambazo ndizo mwisho wa SMS moja. Kipengele cha nakala ya mwisho ndicho mafundi wavivu hukiacha, ilhali ndicho mganga mfawidhi anachokihitaji: kinamwambia kazi ya siku ngapi iko hatarini.

Utazame pia kisichopaswa kuwemo. Jina la mgonjwa, namba ya kadi au nywila havina nafasi katika arifa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde, na SMS inayosomeka kwenye simu iliyolala mezani si ulinzi.

Njia ya kupita

Barua pepe ni rahisi kuipanga, na ni rahisi pia kufa bila msiba. Tarehe 30 Mei 2022 Google iliacha kuruhusu programu za nje kuingia kwenye akaunti binafsi za Gmail kwa jina na nywila ya kawaida peke yake. Seva iliyokuwa ikituma arifa kwa mtindo huo ilifungiwa mlango, na isingeweza kutuma barua pepe ya kusema kwamba haiwezi kutuma barua pepe.

Hata wakubwa wamepatikana. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa kampuni ya GitLab alifuta kwa bahati mbaya data ya hifadhidata iliyokuwa ikitumika. Walipokimbilia bakapu, wakakuta uchotaji wa PostgreSQL ulikuwa ukifeli kwa sababu chombo cha kuchotea kilikuwa toleo 9.2 na hifadhidata toleo 9.6. Barua pepe za kuarifu kosa hilo zilikuwa zikitumwa, ila zilikataliwa upande wa kupokelea kwa kukosa sahihi inayotakiwa na DMARC, utaratibu wa kuthibitisha mtumaji wa barua pepe. Zikapotea data za takriban saa sita.

Kwa Keza ongeza jambo jingine. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ya Tanzania ikayumba vibaya. Arifa inayolazimika kuvuka bahari ndipo irudi Ngara haifai kuwa njia pekee. Modemu yenye laini ya simu, inayotuma SMS moja kwa moja kutoka kwenye seva, ni nyongeza ya gharama ndogo. Njia mbili zisizotegemeana ndicho kiwango. Moja ni bahati nasibu.

Saa na mpokeaji

Seva iliyoachwa kwenye saa za dunia (UTC) itaandika Jumatatu 23:14 kwa tukio la Jumanne 02:14, na watu watatafuta kosa katika siku isiyo yake. Na huko mpakani, Rwanda na Burundi ziko nyuma yetu kwa saa moja, hivyo simu ikishika mnara wa ng'ambo inaweza kubadili saa yake. Ndiyo maana saa ya tukio iwe ndani ya ujumbe, isiwe ile ya simu. Kompyuta kuukuu iliyoishiwa betri ya saa nayo huamka na tarehe ya miaka iliyopita, na huweza kushindwa kuunganika salama na seva za barua pepe. Fundi makini huikagua betri hiyo bila kuombwa.

Kuhusu mpokeaji, uangalie mambo mawili. Arifa ziende kwa watu wasiopungua wawili, kwenye namba ya ofisi inayobaki ofisini mtumishi anapopata uhamisho. Na ziwe chache. Ujumbe wa "imefaulu" kila alfajiri ni kelele za chura, hazimzuii ng'ombe kunywa maji: baada ya mwezi hakuna anayeusoma, na siku ya ujumbe wa hatari utapita nao. Muhtasari mmoja kila Jumatatu unatosha kwa mafanikio. Makosa yafike saa ileile.

Siku ya makabidhiano

Usikubali maelezo, taka vitendo. Chomoa kebo ya diski bakapu ikiendelea, uhesabu dakika hadi simu ilie. Badilisha nywila ya hifadhidata, uone kama faili tupu litagundulika. Zima seva jioni usiiwashe, uone kama kesho mashine ya pili itakutafuta. Mwisho, mwambie fundi arudishe data kutoka kwenye nakala ya jana hadi kwenye kompyuta tupu, mbele yako, kwa kuwa arifa ya kufaulu huthibitisha tu kwamba nakala iliandikwa. Jaribio hilo la kurudisha lirudiwe kila mwezi, na lenyewe liwe na arifa yake.

Fundi mzuri hatachukia majaribio haya. Mengine atakuwa ameyafanya kabla hujamwambia. Anayenung'unika mlipe sehemu aliyoifanya, na fungu la mwisho libaki mkononi mwako mpaka simu ilie.