Kichuguu, Kamera na Neno: Filamu za Viumbe Hai Mbele ya Mtazamaji wa Nyakoe

Filamu inayoeleza maisha ya wanyama na mimea ni kazi ya sanaa, kama zilivyo riwaya na tamthilia. Ina mtunzi, ina msimulizi, ina wahusika. Na zaidi ya yote ina uteuzi, kwani jambo moja huonyeshwa na jingine likaachwa. Hata hivyo ni nadra kuhakikiwa kwa misingi hiyo, labda kwa sababu hudhaniwa kwamba kamera haina maoni. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa filamu hizi hupanua kweli utambuzi wa binadamu juu ya viumbe, lakini upanuzi huo hukamilika pale tu picha inapokutana na lugha ya mtazamaji.

Mtazamaji atakayechukuliwa kuwa kielelezo ni mkazi wa Nyakoe, katika nchi ya Kitutu, kando ya barabara itokayo Kisii kwenda Kisumu. Hiyo ni nchi ya vilima na mashamba madogo: migomba, mahindi, majani chai na mikaratusi. Kaunti za Kisii na Nyamira hazina mbuga ya taifa hata moja, ijapokuwa Maasai Mara haiko mbali. Chui, ambaye kwa Ekegusii huitwa engo na ambaye ni mnyama wa jadi wa Abagetutu, amebaki katika jina kuliko porini. Kwa mtu huyu swali ni moja: je, filamu humfumbua macho aone uhai unaomzunguka, au humfunza kwamba uhai uko kwingine?

Mfano wa kwanza ni Serengeti Shall Not Die ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, iliyotoka mwaka 1959 na kupata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Kwa ndege ndogo iliyopakwa milia ya punda milia, baba na mwana waliwahesabu wanyama kutoka angani. Michael alikufa Januari 1959 ndege hiyo ilipogongana na tai. Ubora wa filamu hii haukanushiki: jicho la angani lilionyesha mkondo mzima wa nyumbu wanaohama, jambo ambalo mtu aliyesimama ardhini haoni ila kwa vipande. Lakini jicho hilo hilo humwona binadamu mwenyeji kama doa katika mandhari. Mwaka huo huo wa 1959 Ngorongoro ilitengwa na Serengeti, na Wamaasai waliokuwa wakiishi Serengeti wakahamishwa. Mtazamaji wa Nyakoe, aliyezaliwa kati ya mashamba, hujifunza humo kuwa maumbile halisi ni mahali pasipo watu. Amepanuliwa macho, na papo hapo amefukuzwa katika kile anachokiona.

Mysterious Castles of Clay ya mwaka 1978, kazi ya Alan na Joan Root waliokuwa wakiishi Naivasha, yafuata njia nyingine. Mhusika wake mkuu ni kichuguu. Kamera huingia ndani na kuonyesha mama mmoja akitaga mayai maelfu kwa siku, bustani za kuvu zinazolimwa na mchwa, na njia za hewa zinazoipoza nyumba yao. Hapa hakuna haja ya kusafiri: kichuguu kiko mpakani mwa shamba. Hata uyoga unaochumwa juu yake baada ya mvua hutokana na bustani hizo zilizofichika chini. Jambo la kawaida limerudishiwa ajabu yake, na hiyo ndiyo kazi ya sanaa.

Lakini msimulizi wa filamu hiyo ni Orson Welles, na maelezo ni ya Kiingereza. Tofauti hiyo si ndogo. Kiswahili kina maneno mawili, mchwa na kumbikumbi. La kwanza ni la adui alaye nguzo za nyumba, la pili ni la kitoweo. Mvunaji wa kumbikumbi anajua fika kuwa hutoka kichuguuni, lakini msamiati wake unawaweka katika makundi mawili, la hasara na la neema. Picha inaonyesha kuwa ni ndugu wa tumbo moja. Maelezo ya Kiswahili yangeweza kulijenga tukio zima juu ya mgongano huo wa maneno. Kiingereza, ambacho huwaita wote kwa jina moja, hakiuoni. Kwa upande mwingine, neno malkia, lililoingia katika maelezo yetu kwa kufuata mkumbo, linapotosha. Kiumbe huyo hatawali wala haamrishi, bali huzaa na kulishwa. Neno mama lingesema kweli zaidi.

The Queen of Trees ya Mark Deeble na Victoria Stone (2005), inayohusu mkuyu na nyigu mdogo anayepoteza mabawa akijipenyeza ndani ya tunda ili atage, inathibitisha hoja hiyo hiyo: udogo hauondoi ukuu, na mti wa kando ya mto watosha kuwa utenzi. Mfululizo wa Wildlife Warriors wa Paula Kahumbu, uliooneshwa Kenya kuanzia mwaka 2019, umepiga hatua nyingine kwa kumweka Mwafrika mbele ya kamera awe mjuzi na msimulizi. Hatua iliyobaki ni ya lugha, kwani Kiingereza bado ndicho kinachotawala simulizi hizo.

Huenda ikasemwa kwamba picha hujieleza yenyewe. Haijielezi. Bila neno, mama wa mchwa ni funza mkubwa tu, na kuvu ni uchafu. Neno ndilo humwambia mtazamaji atazame nini na akihusishe na nini. Kwa hiyo kuandika maelezo ya filamu hizi kwa Kiswahili ni kazi ya fasihi, nayo yawahusu wanaisimu na wahakiki kama inavyowahusu wapiga picha. Kipimo cha kazi hiyo kitakuwa chepesi: mtu wa Nyakoe akishazima televisheni, je, atakitazama kichuguu chake upya kabla ya kukipiga jembe?