Barza ya Zamani, Terasi Mpya, na Maji ya Mvua

Bandugu, siku hizi hapa Lubumbashi nyumba nyingi zinatengenezwa upya kwa modeli moja: barza ya zamani ya sima inavunjwa, nyuma inajengwa terasi ya mbao, lupango yote inafunikwa na pave, halafu maua mawili matatu ndani ya vyungu. Kwa picha iko muzuri kabisa. Lakini tuichambue kama kazi ya ujenzi.

Kwanza, mbao. Vichuguu vya Katanga vinajulikana, na mchwa haujali bei uliyolipa. Mbao zinazogusa udongo ni chakula chake.

Pili, maji. Mvua zetu nyingi zinaanguka toka mwezi wa 11 mpaka wa 3. Lupango ya udongo inakunywa. Pave zilizofungwa na sima zinayasukuma maji kwa jirani. Ukuta wake ukianguka tunasema ni mvua. Hapana, njo sisi.

Tatu, mwembe ukikatwa na mistari ya lengalenga ikifutwa, kivuli na mboga tutavinunua. Na barza iliangalia barabara: jirani alipita, akasalimia, akaketi. Terasi ya nyuma haimuoni.

Sikatai upya. Inua mbao juu ya nguzo za chuma, panga pave juu ya mchanga na nafasi katikati, acha mwembe usimame. Na wewe mwenye diploma, mjomba akikuonyesha plani yake, usianze na rangi ya mbao. Muulize: maji yatapita wapi?