Adapta ya Wi-Fi inayojifanya CD

Chomeka adapta ya bei nafuu yenye chipu ya Realtek RTL8811CU kwenye kompyuta ya Linux, na badala ya mitandao ya Wi-Fi unaweza kuletewa CD iliyojaa programu za Windows. Wengi hudhani wameuziwa kimeo. Kumbe kifaa kina sura mbili: kwanza CD yenye draiva, kisha Wi-Fi yenyewe. Mtengenezaji alimfikiria mteja asiye na intaneti ya kupakulia draiva, akaziweka humo humo. Kwenye Windows, draiva ikishasakinishwa huiamuru adapta igeuke. Linux isipoagizwa, inabaki na CD yake.

Andika lsusb. Utaona 0bda:1a2b, na pengine mbele yake jina RTL8188GU. Hapo ndipo watu wanapopotea. 0bda ni Realtek, sawa, lakini 1a2b ni namba ya hiyo CD tu, nayo hutumiwa na adapta za chipu mbalimbali. Jina lile limetoka kwenye orodha ya namba iliyomo ndani ya kompyuta yako, adapta haikulitaja. Mtu anakesha akihangaika na draiva ya 8188GU, na chipu aliyonayo si hiyo.

Basi geuza kwanza, draiva itafutwe baadaye:

sudo usb_modeswitch -K -v 0bda -p 1a2b

Hiyo K ni agizo la kutoa CD. Kinachosafiri kwenye waya ni pakiti ya baiti 31 inayoanza na herufi USBC, na ndani yake amri ya SCSI namba 1B, ileile inayofungua sinia ya DVD. Hapa hakuna sinia, kwa hiyo adapta inajikata na kurudi ikiwa na namba nyingine. Fungua dirisha la pili uache dmesg -w ikikimbia: utaiona ikiondoka kama 1a2b, kisha ikiingia kama 0bda:c811. Namba hii ya pili ndiyo ya kutafutia draiva.

Programu ya usb_modeswitch ni ya Josua Dietze, na ilianzia kwenye modemu za 3G, kama zile za Huawei zilizozagaa hata kwetu, zilizokuwa na ujanja huohuo. Kama huna, na huna intaneti ya kuipakua, unganisha simu kwa kebo uazime bando lake. Au jaribu sudo eject /dev/sr0, ila angalia: kompyuta yenye DVD yake itafungua sinia yake, na adapta yako huenda ikawa sr1.

Ukichomoa na kuchomeka tena, CD inarudi. Kwa hiyo amri ile iwekwe kwenye faili la kanuni za udev, ndani ya /etc/udev/rules.d, ijiendeshe kila namba 1a2b inapoonekana. Kagua kwanza kama kifurushi cha usb-modeswitch hakijakuwekea kanuni hiyo.

Kuhusu draiva, keneli 6.2 ya mwaka 2023 ilileta rtw88 kwa chipu za USB za familia hii. Inahitaji pia faili la rtw8821c_fw.bin kutoka linux-firmware. Kwenye keneli ya zamani utalazimika kukompaili draiva ya nje, na keneli ikisasishwa ukompaili tena, labda uwe umeweka DKMS ikufanyie. Mimi ningepandisha keneli.