Hotuba Ambayo Mwalimu Hakuitoa

Filamu ya kwanza niliyoiona kuhusu kocha ilikuwa ya watoto wanaocheza juu ya barafu, na niliiona Tarime, kwenye kibanda cha video jirani na stendi, kiingilio shilingi mia moja, jua la Januari likichoma bati juu ya vichwa vyetu. Hakuna aliyekuwamo mle ndani aliyewahi kuona barafu kubwa kuliko ile ya kwenye friji ya muuza soda. Lakini tuliielewa yote. Timu mbovu, kocha asiyetaka kazi, vipigo mfululizo, kisha fainali. Mtoto mmoja alipoinua gongo lake kupiga pigo la mwisho, kibanda kizima kilisimama, na aliyekuwa nyuma yangu alinimwagia karanga mgongoni.

Ilikuwa The Mighty Ducks ya mwaka 1992, iliyoongozwa na Stephen Herek. Emilio Estevez ni Gordon Bombay, wakili wa Minneapolis anayekamatwa akiendesha gari akiwa amelewa, na adhabu yake ni kuitumikia jamii kwa kufundisha timu ya watoto ya hoki ya barafuni. Mwaka huu nimeirudia mara mbili, kwa sababu nitakayoifikia. Bado naipenda. Lakini leo naiona ni filamu nzuri iliyonifundisha kuandika vibaya.

Tuanze na Bombay mwenyewe. Utotoni alikosa penalti, na kocha wake, Reilly, akamfanya aibebe aibu hiyo mpaka ukubwani. Kwa hiyo kila kitu kinachowatokea watoto wa timu yake kinapimwa kwa kidonda chake yeye. Wakishindwa, anarudi kuwa yule mtoto. Wakishinda, anapona. Pigo la mwisho linapigwa na Charlie, lakini kamera inajua deni ni la nani. Watoto ni dawa, kocha ni mgonjwa, na sisi tuliolipa mia mia ni ndugu tuliokuja hospitali kumjulia hali.

Kuna mtu mwingine katika filamu ile ambaye kibandani sikumwona kabisa. Anaitwa Hans, mzee mwenye duka la vifaa, ameigizwa na Joss Ackland. Hans ananoa viatu. Msomaji ambaye hajawahi kukanyaga barafu ajue kwamba kiatu cha mchezo ule kina kisu cha chuma chini yake, na kisu kikiwa butu mchezaji hageuki wala hasimami. Anateleza tu kama ng'ombe kwenye tope. Kunoa si kazi ya mara moja. Msimu mzima kuna mtu ameinama juu ya jiwe la kunolea. Filamu inamjua mtu huyo, inampa hata duka, lakini inamtumia kama babu wa hadithi: anamweleza Bombay neno la busara kisha anaachwa dukani kwake. Viatu vinaendelea kuwa vikali bila mtu kuulizwa vimenolewa saa ngapi.

Minnesota wanaweza kusamehewa kwa kiasi fulani, kwa kuwa huko majira ya baridi yenyewe ni mfanyakazi. Mabwawa yanaganda bila kulipwa mshahara. Huku kwetu hali ni tofauti, na mfano uko karibu: kutoka Bomani ukavuka mpaka wa Sirari, basi la asubuhi linakufikisha Nairobi siku hiyohiyo. Kule Barabara ya Mombasa, ndani ya Hoteli ya Panari, kuna uwanja wa barafu uliofunguliwa mwaka 2005. Ni mdogo kuliko uwanja kamili wa hoki, na uko karibu na ikweta, maana yake barafu yake hutengenezwa na mashine na kulindwa na watu. Hapo ndipo ilipokulia Kenya Ice Lions, timu ambayo kwa miaka mingi ilikuwa na tatizo la ajabu: ilikuwa timu pekee ya hoki ya barafuni nchini mwake, haikuwa na wa kucheza naye. Wachezaji walijigawa wawili wawili, watano watano, wakacheza wao kwa wao.

Mwaka 2018 kampuni ya kahawa ya Kanada, Tim Hortons, iliwachukua mpaka Kanada kucheza mechi dhidi ya timu ya wazima moto, ikatengeneza filamu fupi ya dakika chache, The Away Game. Ni tangazo la biashara, lakini limetengenezwa kwa ustadi na linamliza mtu. Nililiona kwenye simu ya rafiki, nikalia kwa adabu. Kilele chake ni pale Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, nyota wawili wakubwa wa mchezo huo duniani, wanapoingia chumba cha kubadilishia nguo wakiwa wamevaa jezi ya Kenya. Nyuso za wale vijana pale si za kuigiza, na sitaki kumnyang'anya mtu furaha ile.

Lakini wiki moja baadaye nilijaribu kukumbuka nani anawafundisha, nikashindwa. Nikamwuliza rafiki mwenye simu, naye hakujua. Ni Tim Colby, Mkanada aliyekuwa akiishi Nairobi, ambaye pamoja na timu ya wakubwa alikuwa akiwafundisha watoto, yaani wale ambao bila wao mchezo huu Kenya ungeisha kizazi kimoja. (Tim wa kahawa ni mwingine, huyo alikuwa mchezaji.) Na wapo wachezaji wa Kenya waliogeuka walimu wa hao watoto, wakiwafunga kamba za viatu kabla ya kufunga zao. Mwaka 2024 Kenya ilipokelewa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la dunia la mchezo huo, IIHF. Tangazo la kahawa lilisaidia watu kuijua timu, sibishi. Ila shirikisho halimpokei mtu kwa sababu nyota wawili walimtembelea. Kuna watu waliofungua mlango, wakahesabu kofia ngumu, wakarudi wiki iliyofuata wakazihesabu tena.

Kiswahili cha redio kina neno ninalolipenda kwa watu hawa: benchi la ufundi. Tazama lilivyo. Si mtu, ni benchi. Wanakaa wengi: kocha mkuu, msaidizi, kocha wa makipa, daktari, mtunza vifaa. Na wanachofanya kinaitwa ufundi, neno lilelile la seremala na fundi viatu. Filamu za Marekani zina kocha mmoja anayetembea pembeni peke yake. Mtangazaji wetu, hata akiwa na haraka, anawakalisha wote pamoja. Ni kweli kwamba mara nyingi tunalisikia neno hilo siku benchi linapovunjwa, baada ya kufungwa mechi tatu. Hata hivyo linawataja wote.

Orodha kamili kuliko zote ya benchi la ufundi la timu ya vijana ya hoki niliyowahi kuisoma ni orodha ya marehemu. Tarehe 6 Aprili 2018, miezi michache kabla ya lile tangazo kurushwa, basi la Humboldt Broncos, timu ya vijana wa chini ya miaka 21 ya mkoa wa Saskatchewan, Kanada, liligongana na lori kwenye njiapanda likielekea Nipawin kwenye mechi ya mtoano. Ndani walikuwamo watu 29. Walikufa 16. Kumi walikuwa wachezaji. Sita hawakuwa wachezaji: Darcy Haugan, kocha mkuu, Mark Cross, msaidizi wake, Dayna Brons, aliyewatibu wachezaji, Brody Hinz, aliyeandika takwimu, kijana wa miaka 18, Tyler Bieber, mtangazaji wa redio aliyesafiri nao, na Glen Doerksen, dereva.

Nilipoisoma mara ya kwanza niliishia kwa Brody Hinz. Kijana wa umri wa wachezaji wenyewe, kazi yake ni kuhesabu. Nani kapiga, nani kaokoa, dakika ya ngapi. Katika filamu yoyote kati ya hizi angekuwa mgongo wa mtu kwenye kona ya picha. Na dereva: ni filamu gani ya michezo unayoikumbuka iliyompa dereva jina? Basi linaonekana, wachezaji wanaimba, mlima unapita dirishani, tunafika. Watu wa Kanada siku zilizofuata waliweka magongo nje ya milango yao kuwaomboleza, na magazeti yakachapisha majina yote 16 kwa herufi za ukubwa mmoja. Ilibidi wafe ndipo wapangwe hivyo.

Au ilibidi waingie uwanjani. Tarehe 22 Februari 2020, mjini Toronto, makipa wawili wa Carolina Hurricanes waliumia katika mechi moja, akaitwa kipa wa dharura: David Ayres, miaka 42, mfanyakazi wa viwanja vya barafu aliyewahi kuendesha Zamboni, ile mashine inayokwangua barafu na kuimwagia maji upya. Alifungwa mawili ya kwanza, akaokoa manane yaliyofuata, timu yake ikashinda 6–3. Kesho yake dunia nzima ilimjua. Nimesoma makala nyingi juu yake, zote zinashangaa kwamba mtu wa mashine aliweza kudaka. Sijaona hata moja inayoshangaa barafu.

Sasa nieleze kwa nini niliirudia The Mighty Ducks.

Mwaka jana niliandika insha kuhusu safari yetu ya UMISSETA ngazi ya mkoa, nilipokuwa kidato cha tatu. Tulitoka Tarime kwenda Musoma kwa basi la kukodi, tukavuka daraja la Kirumi tukiimba, tukacheza Uwanja wa Karume, mechi ikaenda mpaka penalti, nami nikafunga ya tano. Insha ilichapishwa mtandaoni na ikasomwa kuliko chochote nilichowahi kuandika. Sehemu iliyosifiwa sana ni ile ya kabla ya penalti, ambapo mwalimu wetu wa michezo anatukusanya katikati ya duara na kutuambia maneno ambayo wasomaji walinitumia wakiwa wameyapigia mstari. Mmoja aliniambia ameyabandika ukutani.

Nilipokwenda nyumbani Desemba nilimkuta mwalimu Bomani, amekaa nje ya duka la dawa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mura, nimekusoma." Akaniangalia kwa muda. "Hotuba ile nani aliitoa?"

Nikaanza kueleza kwamba katika uandishi wa aina hii mtu huweza kukusanya maneno ya siku nyingi akayaweka mahali pamoja.

"Siku ile nilikuwa naharisha," akasema. "Dakika tisini zilipoisha nilikuwa chooni. Nimetoka wewe umeshapiga."

Nilicheka kwanza. Kisha nikakumbuka, na nilichokumbuka ndicho kilichonirudisha kwenye filamu. Aliyekuwa nasi kwenye duara ni mzee, mlinzi wa shule, aliyesafiri nasi kama mtunza vifaa bila posho yoyote. Hakutoa hotuba. Alipita na beseni la machungwa yaliyokatwa, akatuambia tunywe maji taratibu tusije kubanwa na misuli, akapiga goti mbele yangu akafunga kamba ya kiatu changu cha kulia mara mbili. Kiatu chenyewe kilikuwa kimefumuka asubuhi ile garini. Alikishona kwa sindano ya fundi viatu na uzi wa nailoni, basi likitikisika, kabla hatujafika Kirumi. Miguuni yeye alivaa katambuga. Mpira wa mazoezi aliujaza upepo kwa pampu ya baiskeli.

Yote hayo nilikuwa nayo kichwani. Sikuyaandika, kwa sababu nilipokaa kuandika penalti, mkono wangu ulikwenda wenyewe kwa Bombay: duara, kimya, kocha, maneno. Na kwa kuwa mwalimu wetu hakuwa na maneno, nikamtungia. Nilimnyang'anya mzee kazi yake, nikampa mwalimu kazi ambayo hakuifanya, na wote wawili ni watu ninaowapenda. Kosa la Hans nimelirudia mimi, tena vibaya zaidi, maana Hans angalau aliachiwa duka.

Mwalimu hakuwa na hasira. Alikuwa na jambo jingine.

"Mzee alisikia umeandika kuhusu Musoma. Akaniuliza kama yumo. Nikamwambia yumo." Akasogeza kiti. "Macho yake hayasomi siku hizi. Anasema ukija umsomee."

Nilirudi mjini bila kwenda kwake, nilisingizia basi. Tangu hapo nimejaribu kuiandika upya sehemu ile mara nyingi, na kila mara mzee anapofungua mdomo anaanza kusema mambo makubwa, namfuta. Nikimwacha kimya na beseni lake, aya inakuwa fupi, nami naiona haina uzito, halafu najiuliza uzito huo niliujifunza wapi. Naweza pia kwenda na karatasi ileile na kumsomea aya ambayo haimo, kwa kuwa hataiona. Itakuwa hotuba ya pili niliyoitunga.

Nimemwambia mwalimu nitafika Jumamosi, saa nne asubuhi. Insha ina kurasa nne nikiichapa. Aya ya machungwa ina mistari sita kwa sasa, na bado sijaamua niseme nini kwanza nikikaa: nisome, au nimweleze kwamba mwalimu alimdanganya kwa ajili yangu.