Oksijeni 'ina' -2 au 'hupewa' -2?

Majuzi mwalimu mmoja wa kemia aliniletea mswada wa mwongozo alioundika kwa Kiswahili, akaniomba niukague lugha. Ngeli zimekaa sawa na tahajia haina doa. Nilipofika kwenye sura ya nambari za uoksidishaji nikakwama kwenye kitenzi kimoja: "ina".

Mswada unadai kwamba oksijeni "ina chaji ya -2" na haidrojeni "ina chaji ya +1". Ukisema kitu kina jambo fulani, msikilizaji huelewa kwamba ni lake daima. Nambari ya uoksidishaji haiko hivyo. Ni hesabu yetu sisi. Pale atomu mbili tofauti zinapochangia elektroni, tunajifanya kwamba ile yenye mvuto mkubwa zaidi imezichukua zote. Chaji ambayo kila atomu ingebaki nayo ndiyo nambari yake. Kwa hivyo atomu "hupewa" nambari.

Mtasema profesa anatafuta chawa kwenye kipara. Haya, tuchukue haidrojeni peroksidi, ile dawa ya kuoshea vidonda. Molekuli yake ina atomu mbili za haidrojeni na mbili za oksijeni. Haidrojeni zikipewa +1 kila moja, jumla ni +2. Molekuli nzima haina chaji, basi oksijeni mbili zitagawana -2, yaani -1 kila moja. Aliyekariri kwamba oksijeni "ina" -2 atadhani kitabu kimekosea. Aliyefunzwa "hupewa" atauliza sababu, na sababu ipo: oksijeni hizo zimeshikana zenyewe kwa zenyewe, mvuto ni sawa, hakuna wa kumpokonya mwenzake. Ikiungana na florini, ambayo huishinda kwa mvuto, oksijeni hupewa hata +2.

Mimi mwenyewe niliangushwa na peroksidi hiyo hiyo nikiwa shule ya upili. Nikakimbilia fasihi, wala sijuti sana.

Neno "chaji" nalo linapotosha. Katika potasiamu pamanganeti, manganizi hupewa +7, lakini hakuna atomu pale iliyovuliwa elektroni saba kikweli. Wanakemia hutofautisha mambo haya hata kwa maandishi: nambari ya uoksidishaji huandikwa +2, chaji ya ayoni 2+. Mswada umezichanganya kurasa nzima.

Kuna na "kupunguzwa". Atomu inaongezewa elektroni, halafu tunaambiwa imepunguzwa! Kinachopungua ni nambari yake, kwa kuwa elektroni ina chaji hasi. Sentensi moja ya kufafanua hivyo ingetosha, ila haimo.

Nilimrudishia mswada ukiwa umejaa wino mwekundu. Jana akanipigia simu. "Lakini Prof, hata kile kitabu cha Kiingereza ninachofundishia miaka yote hii kinasema 'ina'."

Nikamjibu kwamba najua. Ndicho nilichosomea.